Mama Ameenda Minova

Katika shirika la Mtakatifu Klara, kule Cimpunda, mtaa wa mlimani Bukavu, nyumba thelathini na kitu zinasali pamoja na kila mtu ana kazi yake. Kuna wa kuongoza nyimbo, kuna wa kukusanya mchango, na kuna Maman Eulalie, ambaye kazi yake ni wagonjwa. Miaka kumi na tano anaifanya. Anajua kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza, anajua nesi yupi ana roho na yupi ana mdomo tu, na anajua, au tuseme alidhani anajua, la kuwaambia watoto wa nyumba yenye mgonjwa.

La kuwaambia ni hakuna. Mama amesafiri. Baba yuko kazini Mwenga. Bibi amelala, msipige kelele. Haya, nendeni mkacheze nje. "Mutoto hana mabega ya kubeba ugonjwa," alizoea kusema, na wanawake wa shirika waliitikia kwa vichwa, kwa kuwa hata mama zao walisema hivyohivyo. Kwa miaka kumi na tano hakuna mtoto aliyewahi kumlalamikia, naye alilichukua hilo kuwa ushahidi. Hakujiuliza hata siku moja mtoto angelalamika kwa nani.

Basi Pascaline alipopelekwa hospitali, tumbo limevimba na macho yamekuwa ya manjano, mume wake Grégoire alikuja kusimama mlangoni kwa Eulalie. Grégoire ni seremala. Ukimpa ubao ataongea nao kutwa nzima, lakini ukimpa mtu maneno yanamkauka. Aliuliza swali moja tu: batoto niwaambie nini? Eulalie hakufikiri hata dakika.

"Pascaline si anaendaka Minova kila mara kuchukua bitunguru na maharagi? Basi, sema ameenda Minova."

Ulikuwa uongo uliokaa sawa kama shati la fundi. Mama wa Mélanie na Destin aliuza vitunguu na maharagwe ya Minova sokoni Kadutu, na mara mbili kwa mwezi alipanda boti kuyafuata. Lakini uongo huo ulikuwa na tundu moja. Mélanie ana miaka tisa, na anajua kuhesabu. Mama yake akienda Minova hulala huko usiku mmoja, mara chache miwili. Jumamosi hii ninayoisimulia zilikuwa zimetimia siku kumi na tisa.

Siku hiyo asubuhi daktari alimvuta Grégoire pembeni kwenye ukumbi wa hospitali. Jumatatu wangempasua Pascaline. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba kwa siku hizi mbili akili ya mgonjwa iko timamu, na mwenye neno la kumwambia asingoje. Grégoire alimpigia Eulalie simu, Eulalie akawaambia wa shirika, na wa shirika wakakata shauri: saa tisa alasiri watasali rozari nyumbani kwa mgonjwa. Kuhusu watoto, ambao ndio walikuwa na maneno mengi kuliko wote ya kumwambia, hakuna aliyetaja jina.

Mbingu ilikuwa imenuna tangu asubuhi. Papa Patrice, mwenyekiti wa shirika, mzee mwenye kupenda kila kitu kiwe na utaratibu, akaona watu arobaini hawataenea katika vyumba viwili. Akatuma vijana walete turubai ya bluu ya shirika pamoja na viti vyeupe vya plastiki.

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa la watu wa kwetu kabisa. Bukavu nzima inajua maana ya turubai na viti vyeupe mbele ya mlango. Arusi ina ukumbi wake, ubatizo una sebule yake. Turubai ya bluu ni kilio. Mpita njia akiiona anashusha sauti, mwenye kofia anaivua, na hata mwendesha moto, pikipiki zetu za abiria, anazima muziki mpaka apite. Eulalie aliviona viti vikishushwa, akasaidia kuvipanga kwa mistari. Amekalia viti hivyo mara nyingi mno hata macho yake hayakuona kingine ila mahali pa kukalia.

Mélanie alikuwa ametumwa maji. Alipanda ngazi za udongo akiwa na bidoni ya lita kumi mgongoni, kamba imembana kipajini, akafika kwenye uwanja wa nyumba yao, akasimama. Wanawake walikuwa wakiongea, wote wakanyamaza kwa pamoja. Maman Anne-Marie, mnene, mwepesi wa machozi kuliko wote Cimpunda, akatoka kwenye kiti chake, akamkumbatia mtoto na bidoni yake, akaanza kulia.

"Pole, mwanangu. Mungu iko."

Mélanie hakulia. Alimtazama Eulalie juu ya bega la yule mama.

"Maman Eulalie, hivi biti ni ya nini?"

"Ya sala, Mélanie. Sala tu. Tua bidoni, uende kucheza kwa Carmel."

"Sala ya nani?"

"Ya batu bote."

"Na maman iko wapi?"

Eulalie aliona macho ya watu arobaini yakimtazama. Angeweza kusema wakati ule. Neno lilikuwa pale mdomoni, na nafasi ilikuwa pale, lakini mazoea yana nguvu kuliko ng'ombe.

"Si tulikuambia? Iko Minova."

Mtoto alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Kisha akasema, "Ndiyo, maman," akatua bidoni polepole ili maji yasimwagike, akaingia ndani. Eulalie akashusha pumzi. Alijisifu moyoni: mtoto mtulivu huyu, amelelewa.

Wakaanza rozari. Fumbo la kwanza likapita, la pili likapita. Katikati ya la tatu mtu akamvuta Eulalie kitenge. Alikuwa Destin, mdogo wake Mélanie, wa miaka mitano, amejipatia kiti cha mtu mzima na miguu inaning'inia.

"Maman Eulalie, maandazi itatoka saa ngapi?"

"Maandazi gani? Nyamaza, tunasali."

"Maandazi ya kilio ya maman."

Eulalie aliikaza rozari mkononi mpaka shanga zikamchoma. "Nani alikuambia iko kilio?"

"Mélanie. Amesema maman alikufa kule Minova, na munataka kumuzika bila siye." Akajipangusa pua kwa mkono wa shati. "Ameenda kumuchukua."

Eulalie akainuka. Aliingia ndani. Chumba cha kwanza kitupu, cha pili kitupu. Sanduku la nguo la Pascaline lilikuwa wazi. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akashuka mpaka kwa jirani. Carmel alikuwa peke yake akimsuka mwanasesere wa majani ya migomba. Hapana, Mélanie hakufika. Alimwona akishuka ngazi mbio na mfuko wa plastiki kifuani.

Saa ya simu ilisema saa kumi na dakika kumi. Jumamosi boti ya Minova hung'oa nanga saa kumi na moja. Eulalie alilijua hilo kwa sababu Pascaline aliliimba kila wiki mbili akiwa mbioni. Na Mélanie aliijua njia ya bandari, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akienda na mama yake kupokea magunia.

"Papa Patrice," akasema, na sala ikakatika, "mutoto amekimbia. Ameenda ku boti."

Patrice akafungua mdomo kuuliza boti gani na kwa utaratibu gani, lakini Eulalie alikwisha kuvuka turubai. Mvua ilianza kudondoka alipofika barabarani. Moto ya kwanza iliyosimama ilikuwa ya Josué, kijana wa mtaani mwenye koti la mvua lililochanika. Eulalie ana uzito wake, na moto anaziogopa tangu ajue kuogopa. Siku zote alitembea kwa miguu na kujitetea kwamba ni mazoezi. Siku hiyo alirusha mguu kama kijana.

"Ku bandari. Mbio, Josué, mbio kabisa."

"Maman, kuko matope."

"Nilikuuliza kama kuko matope?"

Wakashuka. Matope ya Kadutu mvua ikinyesha si mchezo. Gurudumu la nyuma lilicheza huku na huku, na Eulalie akamshika Josué kiunoni na kumwomba Mungu kwa maneno ambayo hayamo katika rozari. Alikagua kila mtoto wa kando ya barabara. Wa mfuko, si yeye. Wa sketi ya bluu, si yeye. Kwenye mtaa wa Nyawera magari yalikuwa yamefungana, malori na basi na mikokoteni, kila mmoja akipiga honi kana kwamba honi inafungua njia. Dakika kumi zilipotea pale. Siku hizi za usalama mdogo, ikifika saa kumi na mbili kila mtu anataka awe kwake na mlango umefungwa, hivyo mji mzima ulikuwa barabarani kwa wakati mmoja.

Mara tatu alitoa simu ampigie Grégoire, na mara tatu akairudisha. Angemwambia nini? Kwamba ule uongo niliokupa umemchukua mtoto wako ukampeleka ziwani? Alikumbuka boti zile, zinavyojazwa magunia mpaka maji yanakaribia ukingo, na jinsi ziwa linavyobadilika likinyeshewa. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba mwongo anaweza kumtanguliza mtoto wa watu kwenye njia hiyo.

Bandarini ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Vijana walikuwa wakipakia magodoro na makasha ya mwisho ya bia, wakikimbia juu ya ubao uliolowa. Mwanzoni mwa ubao alisimama mtu mwenye daftari ndani ya mfuko wa nailoni, akiandika majina ya wasafiri. Alikuwa Parfait, mhudumu wa boti ambaye Pascaline alimtaja mara nyingi.

"Umeona mutoto mwanamuke? Miaka tisa, iko na mufuko?"

"Mutoto wa Maman Pascaline? Eko ndani." Parfait alicheka kwa furaha ya mtu aliyetenda wema. "Amesema maman yake anamungojea Minova. Miye namujua vizuri, nikamuambia ingia tu, tutakufikisha."

Eulalie hakuwa na haki ya kumgombeza. Mtu huyu aliamini kile kile ambacho yeye mwenyewe alikitunga. Akakanyaga ubao. Ulikuwa na upana wa viatu viwili, chini yake maji meusi yakipanda na kushuka, na Eulalie hajui kuogelea. Alivuka akiwa amefumba jicho moja.

Mélanie alikuwa katikati ya boti, amekaa juu ya magunia chini ya hema, magoti yamekutana, mfuko mapajani. Nguo yake ililowa mpaka kifuani. Pembeni yake aliketi bibi mmoja mwenye jembe jipya lililofungwa kwa gazeti, ambaye alikuwa amemfunika mtoto nusu ya shuka lake.

"Mélanie. Shuka, twende."

"Miye naenda Minova."

"Maman haiko Minova."

"Ulisema iko Minova."

"Nilikudanganya."

Watu wa karibu waligeuka. Mtoto hakupandisha sauti. Aliuliza kama anavyouliza mwalimu mwenye subira.

"Alikufa?"

"Hapana! Hakufa. Eko hospitali, pale tu, hapa mu Bukavu. Kweli ya Mungu."

"Na siku ile ulisema Minova, ulisema pia kweli ya Mungu."

Ndivyo ilivyokuwa, kwa kuwa siku ya kwanza Eulalie mwenyewe aliwaapia watoto. Alikaa juu ya gunia bila kukaribishwa. Mkono wake uligusa ule mfuko na plastiki ikafunguka kidogo, akaona kitambaa cha kijani chenye maua ya dhahabu. Kilikuwa kitenge cha Pascaline cha Jumapili, kile cha Pasaka na ubatizo, kimekunjwa kwa mikunjo minne iliyonyooka.

"Iyi ni ya nini, Mélanie?"

"Ya kumuvalisha." Alinyoosha kona ya kitenge kwa kidole. "Kule Minova bahajui ni kikwembe gani anapenda."

Basi Eulalie akajua alichokifanya. Kwa siku kumi na tisa mtoto huyu alikuwa anahesabu peke yake usiku, na leo, peke yake, amemwua mama yake moyoni, akamchagulia nguo, akashuka mlima mzima kwenda kumzika. Mabega yasiyoweza kubeba ugonjwa yalikuwa yamebebeshwa kifo kizima, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeshika upande wa pili.

"Shukeni ao mulipe nafasi," mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Nahodha akavuta kamba ya mashine. Mashine ikakohoa, ikazima.

"Maman," Parfait alisema, sasa bila kicheko, "dakika mbili. Nahodha hangojeake mutu."

Angeweza kumbeba mtoto kwa nguvu. Alilifikiria hilo. Lakini bibi mwenye jembe alikuwa amemshika Mélanie bega na kumtazama Eulalie kwa macho makavu.

"Weye ni nani yake?" bibi aliuliza. "Mutoto anakukatala. Umesema mwenyewe ulimudanganya. Siye tutajuaje haumuibe?"

Lilikuwa swali la haki. Eulalie akatoa simu, na safari hii hakuirudisha. Iliita mara tano.

"Allô," Grégoire alijibu kwa sauti ya chini.

"Papa Mélanie, umupe Pascaline telefone."

"Analala."

"Umwamushe. Mélanie eko mu boti ya Minova, inaondoka sasa. Anazani mama yake alikufa."

"Boti gani? Muliwafanyia nini batoto yangu?"

"Utanitukana kisha, uko na haki. Sasa umupe telefone."

"Siwezi." Sauti ya Grégoire ilipasuka. "Maman Eulalie, siwezi. Pascaline alikuwa anauliza batoto kila siku. Nilimuambia beko mu examens, njo maana hawakuji. Nikimupa telefone atajua nilimudanganya. Na munganga alisema asisumbuke."

Kumbe uongo wa Minova ulikuwa na mwenzake, wa mitihani. Mmoja ulikaa Cimpunda ukiwakinga watoto na mama yao, mwingine ukakaa hospitali ukimkinga mama na watoto wake, na kati yao walisimama Eulalie na Grégoire, watu wema wawili, wameziba mlango. Mashine ikakohoa tena na safari hii ikashika. Boti nzima ikaanza kutetemeka.

Eulalie hakuwa mtu wa kelele. Shirika zima linamjua kwa sauti yake ya kando ya kitanda. Lakini sauti iliyotoka wakati ule ilisikika mpaka kwa wapakiaji.

"Grégoire! Umupe mwanamuke telefone!"

Parfait alikuwa ameshika ncha ya ubao, tayari kuuvuta. Eulalie akabonyeza spika, akaiweka simu mkononi mwa Mélanie. Ilisikika michakacho, kitu kikaanguka, sauti ya kiume ikanong'ona. Kisha sauti nyembamba, ya mtu anayepumua kwa kazi:

"Mélanie? Ni weye?"

Mtoto aliitazama simu kana kwamba nayo huenda inadanganya.

"Mélanie, examens ilipita muzuri?"

"Examens gani?"

"Papa yako alisema muko mu examens."

"Maman, uko Minova?"

"Minova? Kufanya nini? Niko ku hospitali, mwanangu. Inaenda wiki tatu. Hawakukuambia?"

"Hawakuniambia."

"Na miye," sauti ilisema, na ikabidi wote wainame waisikie, "miye niliwaza munaniogopa. Niliwaza hamutaki kuniona vile nilikuwa."

Mélanie alisimama juu ya magunia. Hakuaga mtu. Alimrudishia bibi shuka lake, akaushika mfuko kifuani, akavuka ubao bila kutazama maji, simu ikiwa bado sikioni, akisema, "Nakuja, maman. Usikate. Nakuja." Eulalie alimfuata akiyumba. Hawakufika hata mita kumi nchi kavu, ubao ulikwisha kuvutwa.

Josué aliwapakia wote wawili. Mtoto alikaa katikati, simu bado sikioni, mpaka hospitali. Mlinzi wa lango, Papa Jacques, alinyoosha mkono: watoto hawaingii wodini, ndiyo sheria, na saa za kutembelea wagonjwa zinakaribia kuisha. Eulalie anaijua sheria hiyo. Mara ngapi ameitumia kuwarudisha watoto wa watu nyumbani.

"Papa Jacques," alisema, "miaka kumi na tano nimekuheshimu. Leo nitapita naye, na kama ni kosa, uliandike kwa jina langu."

Mlinzi akamtazama mtoto aliyelowa, akatazama upande mwingine.

Grégoire alikuwa wima mlangoni mwa wodi, mikono yake mikubwa ya seremala imekosa pa kukaa. Alitaka kumshika Mélanie, mtoto akapita chini ya mkono wake. Pascaline alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili. Uso wake ulikuwa umebaki mifupa na macho, na chini ya shuka tumbo lilijaa kama la mjamzito. Mélanie akasimama hatua mbili kutoka kitandani. Aliitazama chupa ya dawa inayoning'inia, akafuata mpira wake kwa macho mpaka kwenye mkono wa mama, akautazama mkono.

"Karibia," Pascaline alisema. "Umeleta nini mule?"

Eulalie alitaka kuwahi. Alikuwa na jibu tayari, jibu zuri, la kupoza: nguo ya kubadilisha, maman, nguo tu. Akajiuma mdomo.

"Kikwembe yako ya kijani," Mélanie alisema. "Nilizani umekufa. Ni ya kukuvalisha."

Mwanamke wa kitanda cha pili akajiziba mdomo. Grégoire akageukia ukuta. Lakini Pascaline alianza kucheka, kicheko kidogo kilichomuumiza mpaka akashika tumbo, machozi yakimtoka.

"Haki," alisema, "ulichagua ile muzuri."

Hapo Mélanie alikaribia. Aligusa shuka, kisha mkono, kisha akaweka kiganja juu ya tumbo lile kwa wepesi, kama mtu anayepima sufuria kama ingali ya moto.

"Njo iyi inakuumiza?"

"Njo iyo. Lundi banganga batanipasua."

"Utakufa?"

Grégoire alisema, "Mélanie!" Pascaline akainua kidole, akamnyamazisha.

"Sijui, mwanangu. Inaweza kuenda muzuri. Inaweza kuenda mubaya. Hata beye banganga bahajui."

Eulalie alingoja kilio, lakini hakikuja. Badala yake Mélanie aligeuka, akawatazama wakubwa mmoja mmoja.

"Kama inaenda mubaya, nani ataniambia?"

Ni kazi ya Eulalie hiyo. Kwa miaka kumi na tano ndiye anayetumwa, ndiye anayejua namna. Akasogea mbele.

"Miye nitaku..."

"Weye hapana, Maman Eulalie."

Alilisema kwa heshima, bila hasira, kama mtu anayekataa chakula kwa kuwa ameshiba. Ndiyo maana lilimwuma zaidi. Eulalie alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akabaki hapo.

Grégoire aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Miye," alisema.

"Siku ile ile?"

"Saa ile ile."

"Hata kama niko ku masomo?"

"Nitakuja ku masomo."

"Na Destin pia utamuambia." Mélanie alimsogelea baba yake, akainua uso. "Na utasema alikufa. Hautasema alisafiri."

Kitandani, Pascaline alimtazama mume wake na hakumsaidia.

"Nitasema alikufa," Grégoire alisema.

Mélanie akaitikia kwa kichwa. Kisha akapanda kitandani na viatu vyake vyenye matope, akajikunja kando ya mama yake upande usio na mpira, na kati ya watu wazima wote waliokuwamo hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke.